Mti wa Mgeni Rasmi Kinamasini Mwamkulu

Mgeni rasmi, karibu Mwamkulu, na pole kwa viatu. Sisi wasusi wa mikeka tumemtuma Pudensiana atusomee, maana Mama Getrude, kiongozi wetu, amekataa kuja hapa turubaini. Sababu utaisikia.

HISTORIA
Kinamasi hiki tulikikuta na msitu wake: mikuyu, mizambarau ya porini, na mikindu ambayo Mama Getrude hukata ukindu wake wa kusukia tangu alipoolewa hapa. Udongo wake mweusi ni majani yaliyooza na kurundikana, umelowa mwaka mzima. Miti ya hapa imeuzoea, mingine mizizi yake inapumulia juu. Mti wa kuletwa huoza kuanzia chini.

MAFANIKIO
Kila kiongozi anayetutembelea hupanda mti. Kwa kuwa kiangazi ardhi ya kijijini ni ngumu kama saruji, Mwenyekiti wa Kijiji, Bwana Masalu, huwaleta huku kinamasini, ambako shimo huchimbika bila jasho. Kwanza hufyekwa nafasi ya mgeni, ya msafara na ya turubai. Mkaratusi wa mgeni wa mwaka 1994 ulikufa. Wa 1995 nao ukafa. Bwana Masalu huchomeka mwingine palepale, mgeni akirudi asione haya, na sisi tunapiga makofi.

CHANGAMOTO
Palipofyekwa pamekauka. Mwaka jana moto wa shamba uliingia udongoni ukawaka chini kwa chini, moshi ukawa unatoka ardhini. Mikindu imebaki kichaka kimoja tu, kando ya chemchemi. Jana Bwana Masalu na watu wake walikuja kukifyeka kwa ajili yako, Mama Getrude akasimama katikati.

"Nyie, mnafyeka msitu ili mpande mti?"

"Mama, usituaibishe," akajibu Bwana Masalu. "Ratiba imeshapigwa mhuri."

Mama amechoka kuongea. Sisi pia tumechoka, tunasema wazi.

MAOMBI
Hatuombi bati wala zahanati. Tunaomba mti wako uupande mbele ya ofisi ya kijiji, na shimo tutachimba wenyewe, hata tukeshe. Wasaidizi wako wakilikosa jembe la sherehe, usiwagombeze. Mama Getrude amelikalia pale mikinduni, na amesema hanyanyuki mpaka aone gari lako limegeuza.

Mungu akufikishe salama kwa wanao, na mvua ikukute umeshafika.

Ni sisi, Kikundi cha Wasusi wa Mikeka,
Mwamkulu, Mpanda, 1996.