Jina Lililobana Namba ya Simu

Katika treni ya asubuhi, mchoraji wa nembo alikuwa akisinzia dirishani, mpaka aliposikia, kwenye kiti cha mbele yake, mwenye kiwanda cha mikate akimpa somo fundi viatu aliyekutana naye humo humo.

"Nembo usilipie, ndugu yangu. Hii yangu nilichorewa bure," alisema, akinyoosha mfuko wa mkate magotini. "Binti mmoja, tuliongea kwa simu tu, sijawahi hata kumwona. Nikamwambia, utajulikana."

Usingizi ukamruka mchoraji. Yule jogoo mwenye kofia ya mpishi, pale kwenye mfuko, alimchora yeye, wiki tatu nzima, na mara saba alirudishiwa kwa sababu ya mkia.

Fundi viatu alimkodolea macho mwenzake. "Yaani na mimi nikushonee viatu bure, nijulikane?"

"Viatu ni kazi, bwana. Kuchora ni kipaji."

Mchoraji akauma ulimi, yeye na kipaji chake. Fundi akaugeuza mfuko huku na huku. "Sasa jina lake liko wapi, hilo la kujulikana?"

"Lilikuwepo hapa chini, kadogo tu. Nikawaambia wachapaji walitoe, lilikuwa linabana namba yangu ya simu."

Fundi akamrudishia mfuko wake. Treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Mwenye mikate aliinuka, akageuka, akamwona binti nyuma yake kaduwaa, mdomo wazi. Akadhani ni njaa.

"Shika mkate, binti yangu," alisema, akimwekea mfuko mapajani. "Ukiupenda, watangazie na wenzako."

Akashuka.