Mwalimu Zéphirin Bulaimu, Aliyeangalia Bega Kabla ya Kipira

Tunayemsindikiza leo, Mwalimu Zéphirin Bulaimu, alizaliwa Lusangi tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa nne wa mzee Nathanaël na mama Rosine, wakulima wa mpunga. Jina la Bulaimu alilitoa kwa babu yake, Mwislamu wa Kabambare. Yeye alibatizwa, lakini siku ya Idi hakuna aliyemtangulia kwenye sahani.

Alisoma shule ya msingi Lusangi, akaja Kasongo kwa sekondari, akapata diploma ya ualimu mwaka 1987. Huko ndiko padri mmoja alikofungua sanduku lenye raketi sita na vipira vya manyoya, akafunga wavu. Wenzake walicheka, eti ni mchezo wa kufukuza nzi. Zéphirin hakucheka. Siku hiyo kengele ya chakula ilipigwa, yeye akabaki kwenye wavu, akakosa kula.

Alifundisha darasa la tano hapa Kasongo kuanzia 1988 hadi 2020, na badminton kila asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka, maana kile kipira ni manyoya tu. Ufundishaji wake ulishangaza watu: alikuwa anaficha kipira mfukoni. Mtoto mmoja anapiga hewa kwa raketi, mwenzake ng'ambo ya wavu anataja kingeanguka wapi. Anayeanza alipata mara tatu kwa kumi, kwa sababu macho yake yalikuwa yanatafuta kipira. Aliyeiva aliangalia bega na kiwiko, akapata mara nane, na miguu yake imeshaondoka. "Musingoje kipira," alikuwa anawaambia. "Kikishafika, umechelewa. Angalieni bega!"

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na Pascaline, mshonaji, ambaye alishona wavu ule mara nyingi kuliko nguo zake mwenyewe. Mungu aliwapa Pitchou, Elsa na Heri. Raketi ilimpenda Elsa.

Mwaka 2017 presha ya macho ilimwanza. Pascaline peke yake ndiye aliyejua. Mwalimu aliogopa jambo moja tu: wakijua, watamtoa uwanjani. Basi akaendelea kuamua michezo, amekaa juu ya madawati mawili yaliyopandanishwa, filimbi mdomoni. Mabega aliyaona bado, kama vivuli. Kipira hakukiona tena, lakini akisoma bega alijua kinaangukia wapi, na miaka miwili hakuna aliyemgundua.

Ikafika Jumamosi, 15 Juni 2019. Elsa alikuwa anacheza na Chimène, binti kutoka Salamabila, na mshindi angekwenda Kindu kwa mashindano ya jimbo. Wageni wenyewe walimtaka Mwalimu awe mwamuzi, kwa jinsi walivyomwamini. Lakini pikipiki zao zilikwama kwenye matope, mchezo ukaanza saa saba mchana, na upepo umeshaamka.

Seti ya tatu, Elsa ishirini, Chimène kumi na tisa; Elsa amebakiza pointi moja ashinde. Elsa akapiga nyuma kabisa. Mwalimu akasoma bega, akanyoosha mkono: ndani. Kasongo wakaruka. Chimène hakusogea.

"Mwalimu, iko inje! Upepo umeibeba. Iko hapa, hakuna mutu aguse!"

"Papa anapigia mutoto yake filimbi!" vijana wa Salamabila wakapiga kelele, wakaanza kuingia uwanjani. Wa Kasongo nao wakaingia. Pascaline akashika mdomo.

Mwalimu akashuka, akaufuata mstari wa majivu polepole, kama mtu anayekagua. Akafika pale Chimène alipoonyesha. Akaweka mguu, na wote wakasikia kipira kikivunjika chini ya kiatu chake.

Vijana wakasimama pale walipokuwa. Angeweza kusema ameteleza. Elsa alikuwa anamwangalia mguu.

"Sikukiona," akasema. "Nimehukumu bega, sikuhukumu kipira. Tangu miaka miwili sioni. Pointi ni ya Chimène." Akavua filimbi shingoni, akampa mwalimu wa Salamabila.

Ikawa ishirini kwa ishirini. Chimène akachukua pointi mbili. Elsa alimpelekea baba yake chakula wiki nzima bila neno. Siku ya nane akauliza:

"Papa, bila kuona, na mimi ulinifundisha namna gani?"

"Bega yako ni kubwa, mama. Nani hawezi kuiona?"

Elsa akacheka huku analia. Filimbi haikurudi, lakini watoto walirudi kesho yake, na Mwalimu akaendelea kuwafundisha, hata baada ya kuacha darasa, mpaka giza lilipofunga kabisa, mwaka 2022.

Mwezi wa saba mwaka huu homa ya mapafu ilimlaza. Alhamisi kabla hajatuacha, Elsa aliuweka mkono wa baba yake begani kwake, akapiga hewa.

"Nyuma, kushoto," akasema Mwalimu.

"Ndani ao inje, Papa?"

"Muulize Chimène."

Chimène, aliyekuwa amefika kwa pikipiki kutoka Salamabila, alijibu toka mlangoni: "Ndani, Mwalimu. Ndani kabisa."

Alifariki Jumapili, 18 Agosti 2024, saa kumi na moja asubuhi, wakati aliozoea kufunga wavu.

Ameacha mjane Pascaline, watoto Pitchou, Elsa na Heri, wajukuu wanne, dada yake Célestine, na Chimène, ambaye Elsa mwenyewe ameomba aandikwe hapa pamoja na watoto. Mungu ampumzishe kwa amani, na ampe macho mapya.