Ubeti wa Pili wa Mama Mashuka

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mama Mashuka, dobi wa hospitali aliyetuachia wimbo mmoja. Wimbo mmoja tu, nasi tumeuharibu. Nasema wazi, nimechukizwa, na kichefuchefu chenyewe kimeanzia hapa hapa redioni.

Miaka ishirini na sita alifua mashuka ya wodini. Damu, usaha, matapishi, vyote vilipita mikononi mwake. Alishazoea. Lakini asubuhi moja likaletwa shuka la mgonjwa wa kuhara, limelowa chapachapa. Mama Mashuka akaliinua kwa ncha ya fimbo, akatema mate. "Mtu mzima hovyo! Hana hata haya!"

Kumbe mwenye shuka yuko mlangoni. Mzee wa watu, kashikilia ukuta. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuja nikusaidie kufua."

Binti wa Mama Mashuka, fundi cherehani, ameniambia: "Siku hiyo mama hakula. Alisema, leo nimejijua, na sijapenda nilichokiona."

Ndipo akatunga wimbo, nyuma ya fomu ya kupokelea mashuka. Ubeti wa pili ndio huu:

Niliziba pua, nikakutemea mate,
kumbe kinachonuka ni moyo wangu.
Nipishe, ndugu, nianze kujiosha mimi,
ndipo nijue kukufuta bila kukuumiza.

Mwanamuziki mmoja aliyelazwa pale akaupenda, akauomba, akapewa bure. Akaurekodi bila ubeti wa pili. Eti mate na uvundo vinafukuza wasikilizaji! Kikabaki kiitikio cha kupendana. Nasi tukaupiga, wee! Tukaupiga kwenye salamu za harusi, tukaupiga hadi kwenye tangazo la sabuni. Wimbo wa mtu aliyejiona alivyo, tumeugeuza wa kuuzia mapovu. Ptuu!

Mama Mashuka alikuja hapa mara tatu. Mara tatu, wasikilizaji. Hakudai jina wala shukrani. "Naomba tu ubeti wa pili uimbwe," alisema. "Bila huo nitaonekana nawahubiria watu, na mimi ndiye niliyekuwa mchafu." Mapokezi wakamwambia asubiri nje, kwa sababu alinuka dawa ya madoa. Na mimi ninayejifanya kuchukizwa nilimpita pale mlangoni. Niliziba pua.

Tangu hapo, wimbo wake ukianza, alikuwa akizima redio. Alifariki Jumanne iliyopita. Hakuwahi kuusikia mzima hata siku moja.

Kwa bintiye, wajukuu na madobi wenzake, poleni sana, poleni mno. Sisi wengine tusikimbilie kusema marehemu alikuwa mtu mwema, halafu tukaendelea na shughuli zetu. Kila mmoja ajiulize leo amemzibia nani pua, na amfikirie mtu huyo kwa sura yake.

Ubeti wa pili haumo kwenye kanda yoyote. Bintiye pekee ndiye anayejua jinsi mama yake alivyouimba, na yuko nami hapa studio.

Dada, kipaza sauti hicho hapo. Imba, wala usituonee huruma.