Mzee Bado na Kisu Kilicholala

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufua chuma katika karakana yetu, fundi mkuu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa nane mchana. Atakayechelewa asije kunilalamikia kwamba kakuta sahani tupu. Miaka thelathini na minne, jamani! Wapo humu ndani wanaomwita babu ambao siku anaanza kazi mama zao walikuwa wanaruka kamba.

Jina lake la kwenye faili analijua karani. Sisi wengine tunamwita Mzee Bado, na jina hilo hakuliokota, alilitolea jasho. Mteja akija mlangoni kuuliza kama kisu chake kimekwisha, jibu lilikuwa moja: "Bado." Kisu kimeshapigwa msasa, mpini unang'aa, ala yake ya ngozi mimi mshonaji nimeshaishona na uzi nimeukata: "Bado." Mkurugenzi, mama asiyependa mchezo kama mnavyomjua, aliwahi kumuuliza mbele ya wageni, "Bado nini sasa, fundi?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Bado sijakiamini." Wageni wakacheka. Mkurugenzi hakucheka, lakini kisu hakikutoka siku ile.

Aliingia hapa kama mpiga mvukuto, wakati tunatengeneza majembe, bawaba za milango na visu vya jikoni. Mwaka wa tatu akashika nyundo. Mwaka wa tisa akawa fundi mkuu, na hapo ndipo mateso yetu yalipoanza, maana alikuwa anafunga madirisha yote saa sita za mchana ili aione vizuri rangi ya chuma motoni. Jua linawaka, moto unawaka, na sisi humo ndani tunaiva. Nimemgombeza kwa hilo miaka mingi na hakuwahi kunisikia hata siku moja. Vyuma vyake havikupasuka pia hata siku moja, kwa hiyo niliendelea kumgombeza kwa sauti ya chini.

Kilichompa sifa ni kisu cha porini. Kwa asiyejua, hicho si kisu cha kukatia vitunguu. Ni kisu kimoja tu anachoingia nacho mtu porini kwa siku kadhaa, kimpasulie kuni, kimchongee vigingi vya hema, kimsafishie samaki, kimkatie kamba, na arudi nacho kizima. Cha kwanza alikifua kwa springi ya lori, akampa mpima ardhi mmoja. Baada ya wiki mbili mpima ardhi akarudi, kisu mkono huu, ncha mkono ule. Alikuwa amechokonolea kigingi kwenye mawe. Sisi tukajiandaa kwa matusi. Mzee Bado akamvutia mtu yule kiti, akamwambia, "Kaa. Nieleze kilivunjikaje, usiruke hata hatua moja." Wakakaa mpaka chai ikapoa vikombe vyote viwili.

Pale ndipo kilipozaliwa kisu cha mzunguko, ambacho leo wapenda pori wanakijua kuliko wanavyowajua shemeji zao. Kisu kipya kinatoka hapa na daftari lake. Mtu mmoja anakaa nacho wiki moja, anakitumikisha bila huruma, anaandika alichokiona, anampelekea mwenzake kwa mkono, maana wenye mabasi hawapokei kisu kwenye kifurushi. Kinapita mikono sita ndipo kirudi nyumbani. Na hapo ndipo Mzee Bado anapokigonga alama yake. Chuma kikishapikwa kikawa kigumu hakigongwi, kitapasuka, ndiyo maana mwisho wa kila mpini anaacha kichwa kidogo cha shaba; alama inagongwa kwenye shaba hiyo. Duara na nukta katikati, basi. Kisu kisichorudi na habari njema kinabaki na shaba tupu, na kinaingia kwenye kreti lililo chini ya meza yake. Kreti hilo limejaa. Anajua kila kilichomo kilimkosea wapi.

Sifa hakuzitaka. Kuna mwalimu mmoja aliandika ukurasa mzima, "Kizuri sana, kizuri mno, hongera fundi." Mzee Bado akamrudishia daftari na ujumbe: "Kizuri wapi? Andika tena." Mwalimu wa watu, mzoefu wa kuwarudishia wanafunzi madaftari, akaandika tena kama mtoto aliyefeli. Safari ya pili akasema kweli: mpini unateleza mkono ukiwa na mafuta ya samaki. Kuanzia hapo mipini yetu yote ina kiuno pale kidole cha kati kinapokaa. Ukikishika kisu chako leo na kikakutulia mkononi, mshukuru yule samaki.

Sasa nije kwenye kisu cha mwisho, kwa sababu ndicho kilichotutoa roho miezi hii miwili.

Mkurugenzi alimwambia hivi: fua kisu kimoja kwa namna unayoitaka wewe. Kikipita mzunguko, tutaendelea kukitengeneza humu kwa namna hiyohiyo hata ukiwa kwako, na binti wa grenda, huyu anayetunolea visu kwa mashine, ndiye atakayeshika nyundo yako. Kisipopita, tutarudi kwenye visu vya zamani. Mzee hakulala siku hizo, nilijua kwa macho yake mekundu. Alikuja na jambo jipya: makali yaliyoteremka moja kwa moja kutoka ubavuni hadi penye ukali, bila kile kimteremko kidogo cha pili tunachokiwekaga kwa ajili ya nguvu. Kisu kikaingia kwenye mti kama kinaingia kwenye sabuni. Ukichana nacho kijiti kinatoa nyuzi zilizojikunja kama manyoya ya kifaranga, cheche moja tu moto umeshika.

Binti wa grenda, ambaye mdomo wake aliutoa kwangu ingawa si mwanangu, alimwambia waziwazi, "Membamba mno haya, fundi. Yatalala."

Hapa niwaeleze wageni wetu wa Ijumaa. Katika karakana hii, makali yakikutana na kitu kigumu yakajikunja pembeni, tunasema yamelala. Kisu kilicholala kinakwaruza, hakikati. Kwetu hakuna neno baya kuliko hilo. Mzee Bado akamjibu binti, "Tutaona." Lakini nilimwona akikipitisha kisu kwenye ukucha wa dole gumba mara nne zaidi ya kawaida yake.

Kisu kikaondoka. Mpima ardhi, yuleyule wa ncha, akakipasulia magogo kwa kukipiga mgongoni na gongo, akaandika: "Kimestahimili." Mwalimu akachonga mwiko na vigingi kumi na viwili. Wa tatu, wa nne na wa tano nao wakaandika, kila mmoja na malalamiko yake madogo, na tukawa tunasomewa habari kwenye simu kama watu wanaofuata mpira. Binti wa grenda alikuwa anahesabu ubaoni kwa chaki. Watano wamepita! Amebaki mmoja!

Wa sita alikuwa muuguzi, mwanamke mwembamba anayepanda milima peke yake kila akipata likizo. Jumatatu ya wiki hii daftari likafika kwa kifurushi, amelitanguliza ili karani apate muda wa kunakili maneno ya sherehe. Kisu angekileta mwenyewe. Daftari lilikuwa limelowa, limekauka, limevimba kama mkate. Mzee Bado miwani yake ilikuwa kwa fundi wa miwani, akanipa mimi nisome. Shule nimeishia la tatu, lakini kusoma nasoma, na mtu asije kuniambia vinginevyo.

Ukurasa wa muuguzi wino wote umeyeyuka, umekuwa ziwa la bluu. Juu limebaki neno moja, na chini yamebaki matatu. Nikasoma kwa sauti kama nilivyoombwa: "Kimelala." Kisha bluu. Kisha: "Sijawahi kuona hivi."

Grenda ikazimwa. Mzee Bado akasema, "Rudia." Nikarudia. Akaitikia kwa kichwa mara moja, akachukua kile chuma chake cha kugongea alama, akakizungushia kitambaa, akaenda kukiweka mezani kwa mkurugenzi. Aliporudi alianza kuzifuta nyundo zake mafuta, moja moja, kama mtu anayefunga mizigo. Binti wa grenda akalia, yeye aliyesema yatalala ndiye aliyelia. Simu ya muuguzi ikawa haipatikani, Jumatatu, Jumanne, tumepiga mpaka vidole vinauma. Ubaoni ile namba sita haikuandikwa. Nami niseme ukweli, kazi niliyoshona siku hizo mbili nimeifumua yote.

Jumatano saa nne, chai iko mezani, muuguzi akaingia na mkoba wake mgongoni na tope la safari hadi magotini, uso umejaa kicheko. "Shikamooni wazee wangu! Mmesoma? Mmesoma maajabu?" Akatutazama mmoja mmoja. "Kuna msiba?"

Binti wa grenda akamuuliza, "Dada, si umeandika kimelala?"

"Kimelala, ndiyo! Kimelala mtoni siku tatu!"

Muuguzi akaendelea kwa pumzi moja. Alikuwa anavuka mto, kisu kikamchomoka kiunoni, kikazama. Akakitafuta siku ya kwanza hakukiona, ya pili hakukiona. Siku ya tatu maji yamepungua, akakiona kimelala ubavu kati ya mawe mawili. Kilikuwa kimepiga rangi ya chai, akakisugua kwa majivu na mafuta, akakipitisha kwenye mkanda wake mara kumi, akajinyoa nacho nywele za mkono. Kisha akapasua nacho kuni za jioni yote. Usiku akayaandika hayo yote, na kesho yake akivuka tena kurudi, daftari na simu vikalowa mkobani; daftari akalituma bila kulifungua. Akauweka mkono wake mezani, upara mtupu kuanzia kiwiko hadi kifundo. "Sijawahi kuona hivi, babu. Sijawahi."

Mzee Bado hakumkimbilia. Alinyoosha mkono akasubiri apewe kisu. Miwani ilikuwa imerudi asubuhi ileile; akaivaa, akakisogeza dirishani, akayafuata makali kwa jicho toka mwanzo hadi ncha. Akakipitisha kwenye ukucha. Akachukua ukurasa wa gazeti akaukata kwa uzito wa kisu tu, bila kusukuma. Akaweka kipande cha mti mgumu kwenye gogo, akakipasua mara nne, akakata gazeti tena. Likakatika bila hata mlio. Ndipo akageuka, akanitazama juu ya miwani. "Bibi, ulisoma nini?"

Nilimwambia nilisoma kilichoandikwa. Kosa ni la mtu anayeandika kwa wino wa kuyeyuka halafu anavuka mto. Hilo limekwisha. Na kuhusu ala iliyoachia kisu, ni kweli ilikuwa imelegea kidogo mdomoni, nimeishona upya ikiwa na kishikizo, na hilo nalo limekwisha.

Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyeshuka na kile chuma cha alama, akakifungua kitambaa. Karakana nzima ikazunguka fuawe, lile chuma la kufulia, mpaka wa ofisini wasiojua koleo ni lipi. Kisu kikabanwa, kile kichwa cha shaba juu. Binti wa grenda, kwa mazoea tu, akauliza kama anavyouliza kila siku, "Tayari, fundi?" Na sisi wote midomo ilikuwa imeshajiandaa kulitamka lile jibu pamoja naye.

Akasema, "Tayari."

Pigo moja. Duara, nukta katikati. Makelele yaliyofuata yaliwatoa majirani madukani. Binti akakimbilia ubaoni akaandika sita kubwa mpaka chaki ikavunjika. Mzee Bado akampa binti kile chuma cha alama mkononi, akamfunga vidole juu yake, akaomba chai yake ipashwe moto.

Kwa hiyo kisu hicho kitaendelea kutengenezwa humu, kwa makali yaleyale membamba, na kitaendelea kuzunguka na daftari lake. Kile cha kwanza utaondoka nacho wewe, mzee wetu, Ijumaa, ndani ya ala ambayo safari hii haitakiachia.

Asante, Mzee Bado, kwa moto uliotuivisha, kwa kreti la visu ulivyovikataa ili sisi tusione aibu, na kwa kutuvumilia wenye midomo. Tunakutakia siku njema nyumbani kwako, afya ya magoti, wajukuu wenye adabu, na mlima mmoja au miwili pamoja na muuguzi ukiweza kupanda. Lile neno la Jumatano umelisema mara moja, limetosha, usilizoee. Na siku akija yule mgeni asiyepiga hodi, akakuuliza kama uko tayari, usiinue hata kichwa. Mjibu kama ulivyotujibu sisi miaka thelathini na minne: "Bado."