Kichwa cha Treni cha Mayala

Kijiwe cha nyuma ya standi ya Bariadi kina benchi moja, birika moja la Thomasi muuza kahawa, na majibu ya maswali yote ya dunia. Asubuhi hiyo wajuzi walikuwa watatu: Mahona Nira, mzee wa kulimia ng'ombe, Marcelo Masafa wa bodaboda, na Elineema wa ofisi za mkoa, ambaye kijiwe kilimbatiza Kumbukumbu Namba. Wa nne, Mayala fundi redio, hakuwa na ujuzi wowote siku hiyo. Juu ya benchi alikuwa amepanga reli na treni ya matofali ya plastiki, yale ya watoto kuchezea yanayobanana moja juu ya jingine. Mbele kichwa chenye mota ya redio kaseti, nyuma mabehewa matatu. Mota ilinguruma, magurudumu yakazunguka palepale, treni haikusogea hata kidole. Na basi la kutoka Mwanza lilikuwa njiani, limembeba binti yake Justa.

Miaka miwili nyuma Justa aliaga anakwenda kusomea udereva wa treni. Mayala akamwambia hiyo si kazi ya mwanamke, na akienda asimwite tena baba. Akaenda. Sasa ni dereva kamili, anakuja likizo kwa kuitwa na mama yake. Mayala alijua amekosea na ilimuuma kila siku, ila mdomo wake haukujua samahani inaanzia wapi. Ndiyo maana alihangaika wiki tatu na matofali.

– Kichwa kizito hicho, alisema Mahona. Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Toa nundu.

– Mzee, si wamesema haelemewi? aliuliza Marcelo.

– Haelemewi kwa sababu walishaitoa. Ng'ombe wa jembe unampakia gunia mgongoni? Mzigo unakaa nyuma, yeye anavuta mwili mtupu.

Yakaonekana maneno ya akili. Mayala akabandua paa la kichwa, akawasha. Magurudumu yakazunguka kasi zaidi, treni ikabaki palepale.

– Umeona? Ameanza kupata hamu, alisema Mahona.

– Hamu anayo, anakosa ulaini, alisema Marcelo. Pikipiki yangu ikisumbua, cha kwanza oili.

Akachomoa kichupa mfukoni, akapaka magurudumu, akapaka na reli kwa ukarimu. Mayala alipowasha, magurudumu yaliteleza mpaka treni ikarudi nyuma kidogo.

– Inarudi, alisema Elineema. Kwa mujibu wa utaratibu, treni hutembea kwenye mji wenye reli. Bariadi reli haijafika. Hii inafuata utaratibu tu. Ipelekeni Malampaka kwenye stesheni, itaondoka yenyewe.

– Plastiki itajuaje hapa si Malampaka? aliuliza Marcelo.

– Debe tupu haliachi kuvuma, alijibu Elineema, na kwa kuwa hakuna aliyeelewa, hakuna aliyebisha.

– Toa na kuta, Mahona alimhimiza Mayala. Mkondeshe kabisa.

Mayala akabandua kuta, akabandua na kiti cha dereva alichokitengeneza kwa siku mbili nzima. Ikabaki mifupa. Honi ya basi ikasikika standi. Alijisikia vibaya sana, mtu mzima na lundo la matofali mapajani.

– Mwangaluka, sauti ya kike ilisalimu kwa Kisukuma nyuma yao. Shikamooni, wazee wangu.

Ni Justa, na begi begani. Aliitazama treni kwa muda, akachuchumaa. Akafuta mafuta kwa pindo la khanga, akarudisha kuta, kiti na paa mahali pake. Kisha akafungua kufuli la begi lake, akalaza kufuli hilo juu ya kichwa cha treni.

– Kichwa ndicho kinachotakiwa kiwe kizito, alisema. Kikiwa chepesi hakishiki reli, kinateleza tu. Na reli hazipakwi oili.

Marcelo akarudisha kichupa mfukoni taratibu. Justa akawasha. Treni ikaondoka polepole, ikakipita kikombe cha Elineema, ikavuta mabehewa yake yote matatu hadi mwisho wa benchi.

– Nani kaitengeneza?

– Mimi, alisema Mayala. Ni ya kwako. Nilikukosea, Justa.

Justa akacheka kidogo, machozi yakimlenga.

– Mama aliniambia unashinda na matofali ya watoto, nikadhani unaumwa. Lakini baba, namba yangu unayo. Miaka miwili yote, mbona hukunipigia simu tu?

Mahona akachungulia ndani ya kikombe chake. Mayala akasogea pembeni kumwachia binti yake nafasi kwenye benchi, na alipoketi, akamjibu kwa sauti ya chini.

– Niliogopa utapokea.