Mzee Isaiah arap Maritim na Mteremko wa Tabarit, 1958–2025

Wewe uliyefika hapa leo kwa gari, ulikwama wapi? Kama hukukwama popote, na mvua ya wiki hii sote tunaijua, basi ulipita juu ya kazi ya marehemu kabla hujasikia jina lake likitajwa. Familia imechoka na haina maneno mengi. Itasimulia yaliyotendeka.

Mzee Isaiah Kipkemboi arap Maritim alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 karibu na Silibwet, Bomet, mtoto wa nne wa marehemu mzee Kimaritim arap Tonui na marehemu Mama Tabitha. Waliomjua akiwa mdogo wanasema alikuwa mtoto wa kunyamaza, mwenye vidole visivyotulia. Mwaka wa 1964 wazazi wake walihamia hapa Tabarit, kando ya Sosiot, wakapanda chai ya kwanza ambayo bado inachumwa.

Alianza shule ya msingi mwaka wa 1967 na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1973. Alipita, lakini nyumbani walikuwa watoto wanane na zamu yake ya kusoma ikaishia hapo. Mwaka wa 1975 aliingia chuo cha ufundi, akajifunza kuchomelea vyuma kwa miaka miwili. Mwalimu wake aliandika kwenye cheti: “Hapendi kuharakishwa.” Marehemu aliona hiyo ndiyo sifa bora aliyowahi kupewa.

Kuanzia Januari 1978 hadi Agosti 2011 alifanya kazi katika karakana ya shamba moja kubwa la chai, Kericho, akitengeneza trela za kubebea majani. Miaka thelathini na mitatu alisaidia majani ya wengine yafike kiwandani mapema. Karakana ilipofungwa alirudi nyumbani na kisanduku cha spana na saa ya ukutani aliyopewa kama shukrani. Saa hiyo haikufika Krismasi.

Tarehe 10 Desemba 1983 alimwoa Rebeccah Chepkemoi wa Siongiroi. Siku ya koito, wazee wa pande mbili wakiwa katikati ya maneno ya posa, benchi lilivunjika chini ya mjomba wa bibi arusi. Marehemu hakungoja kuambiwa. Aliomba nyundo, akalitengeneza papo hapo, akaketi tena. Mzee mmoja wa Siongiroi akasema, “Huyu mpeni bibi haraka. Tuna viti vingine vinne vimevunjika.” Mungu aliwajalia watoto watatu.

Sasa kuhusu mteremko. Kutoka kijijini hadi lami ni mita mia nane za udongo mwekundu, na mvua ikinyesha huwa sabuni. Senta ya kupimia majani iko juu, kando ya lami. Tarehe 12 Juni 2013 Mama Rebeccah aliteleza akipanda na kikapu cha majani mgongoni, akavunjika nyonga. Majirani walimbeba kwa ngazi hadi lami. Tangu siku hiyo anatembea na fimbo, na tangu siku hiyo marehemu aliapa kwamba hakuna mwanamke wa Tabarit atakayepandisha majani kwa mgongo tena.

Trela yake ya kwanza ilikuwa aibu. Alizoea trela za shambani, za magurudumu manne, zinazopita njia zilizosawazishwa. Hii ya magurudumu mawili akaiwekea ekseli katikati kabisa, akidhani katikati ndiyo haki. Siku ya kwanza walipakia magunia kumi na manne ya mahindi, jirani yake Nyaberi, baba yake Kepher, akaivuta kwa trekta lake dogo. Katikati ya mlima mzigo uliteleza ukaenda nyuma, pua ya trela ikapanda juu na kuliinua trekta kwa nyuma. Magurudumu yakazunguka hewani. Nyaberi, mtu wa Kisii ambaye hajawahi kukosa la kusema, alipiga kelele, “Mzee, mimi sasa naendesha upepo!” Magunia yalibiringika hadi kwenye kabeji za Mama Janeffer, naye akatoka jikoni na mwiko mkononi. “Isaiah! Nani alikuagiza mahindi hapa?”

Marehemu hakubishana. Alipanda upya kabeji zote, kisha akaibomoa trela na kuanza tena. Alitafuta ekseli ya lori lililopinduka, akairudisha futi moja nyuma ili pua ibaki na uzito wa kukanyaga trekta. Akaweka springi za mabamba tisa, akachomelea kila kiungo mara mbili, akatandika sakafu ya mbao za mkaratusi za inchi mbili. Kwenye kiungo cha trekta aliweka pini nene kama kidole gumba, na mnyororo wa akiba pini ikikatika. Ilipokamilika, Aprili 2015, aliwaalika majirani ishirini na wawili wapande na kurukaruka, mchungaji akiwa mmojawao. Trela haikulia hata kidogo.

Hakuikodisha. Aliiweka chini ya kipagenge, ule utaratibu wetu wa kusaidiana kazi kwa zamu: asubuhi mitungi ya maziwa, alasiri majani. Sharti lake lilikuwa moja tu. Trela ikishusha mzigo pale juu, lazima ipite kwenye timbo na kurudi na mawe, na mawe hayo yamwagwe njiani. Hairudi tupu. Alianzia juu, penye nyumba za watu, akashuka kidogo kidogo kwa miaka kumi. Kona ya mwisho, mita sitini mbele ya lango lake mwenyewe, aliiacha iwe ya mwisho.

Kipruto, mwanawe wa mwisho, anayesoma wasifu huu, alirudi kutoka chuoni mwaka wa 2022 na diploma ya maendeleo ya jamii, akaionea haya kazi hiyo ya mawe. Kwa nini wakulima wafanye kazi ya serikali? Aliandika ombi, akakusanya sahihi mia moja na arobaini, akalipeleka mjini mara tatu. Mara tatu akaambiwa barabara ya Tabarit iko kwenye mpango. Alimwambia baba yake kila jiwe wanalomwaga linawapa wakubwa usingizi.

“Ni ukweli,” marehemu alijibu. “Nenda uandamane. Lakini ukirudi, ukuje na jiwe.”

Mwaka wa 2023 marehemu alipatikana na ugonjwa wa moyo. Alikatazwa kuinua vitu vizito, akabaki akikagua pini na springi. Jumapili ya tarehe 4 Mei 2025, saa nane mchana, alizidiwa. Gari la wagonjwa lilishuka hadi kona ile ya mwisho na kuzama. Nyaberi alizungusha trekta pembeni mwa chai, wakamlaza mzee kwenye godoro juu ya trela yake na kumpandisha hadi lami, ambako gari lingine lilitafutwa. Saa mbili zilipotea. Daktari hakusema zingesaidia, wala hakusema zisingesaidia. Njiani marehemu alifumbua macho mara moja. “Nyaberi, umeangalia pini?” Kisha akamwambia mwanawe, “Kipruto, usiache hii kona.”

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei, saa kumi jioni. Kipruto alisema mbele ya ndugu zake, pale kwenye kibaraza cha hospitali, kwamba hatabeba jiwe lingine maishani.

Marehemu ameacha mjane, Mama Rebeccah, watoto Dorine, Kiplangat na Kipruto, wajukuu watano, dada yake Elmina, na Nyaberi, ambaye familia inamhesabu kuwa ndugu. Mungu amtulize pale alipotua mzigo wake.

Limebaki moja. Asubuhi iliyofuata kifo, saa mbili, Nyaberi alikuwa anarudi kutoka kupeleka maziwa. Ng'ombe hawajui msiba. Mama Rebeccah alikuwa ameketi ndani tangu jioni. Aliposikia mitungi ikigongana barabarani, aliinuka, akatoka kwa fimbo hadi langoni.

“Baba Kepher, hiyo trela inakuja tupu?”

Nyaberi akazima trekta na kuvua kofia. “Mama, leo tuko na msiba. Nimeona nisilete kelele za mawe hapa.”

“Msiba ni wangu. Mawe ni ya barabara. Geuza.”

Nyaberi alimtazama Kipruto, aliyekuwa amemfuata mama yake hadi langoni, kana kwamba mwenye diploma angemsaidia. Kipruto hakuwa amelala siku mbili. Aliinama, akaangalia pini, akapanda na kuketi juu ya zile mbao. Trekta likageuzwa hapo hapo kwenye tope. Jana, gari lililomleta marehemu nyumbani kwa mazishi haya lilipita kona ile ya mwisho, iliyokwisha kujazwa mawe, bila kusukumwa na mtu.