Shina la Mgomba la Mjomba Ansbert

Habari hii aliisimulia kwanza Leonsia, muuza kahawa wa Mugoma, Ngara, siku ya tatu ya matanga ya bibi yangu Kankindi, Agosti 2023. Yenyewe ilitokea Novemba iliyotangulia. Siku hakuikumbuka, naandika siku ya gulio kwa sababu alisema mvua ilikuwa imewatawanya wauzaji mapema. Benchi lake liko njia panda, chini ya bati linalovuja, na ukikaa upande wa kulia unaona kilima chetu na paa la nyumba ya bibi. Waliokaa siku hiyo ni Celestini, anayeitwa Hakimu kwa kuwa aliwahi kuwa mjumbe wa baraza la kata. Nyandwi, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuzimika. Na Shibuda, Msukuma mnunuzi wa ng'ombe. Akashuka kwenye bodaboda mtu wa makamo, ameloa, na mfuko wa nailoni mkononi. Akaagiza kahawa, akakaa upande wa kulia.

— Mgeni, unatazama nini kule? — aliuliza Redio.

— Moshi. Kwa Kankindi wanapika.

— Unamfahamu?

— Ni mama yangu. Mimi Ansbert.

Leonsia alisema kikombe cha Hakimu kilibaki hewani.

— Ansbert tulimzika, — alisema Hakimu. — Tisini na saba. Upande wa kichwa nilishika mimi.

— Nilisikia.

— Lori mlilopanda, la kupitia Biharamulo, lilizama mtoni, wewe hukuonekana. Mwaka ukaisha. Tukakata shina la mgomba, tukalifunga blanketi lako, tukachimba. Ulikuwa mzito.

— Mgomba wa ndizi za pombe ule, — alisema Redio. — Una maji. Mngechukua wa ndizi za kupika.

— Ngoja kwanza. Mlizika mgomba? — aliuliza Shibuda.

— Mtu asiporudi, mama yake hamalizi kulia, — Leonsia alimweleza. — Mkizika shina, analia, ananyoa nywele, anamaliza.

— Sikuwamo lilipozama, — alisema Ansbert. — Nilishuka Lusahunga, huko Biharamulo, nikapata kazi ya kupasua mbao.

Hakimu hakuridhika.

— Kama ni wewe, darasani nilikuwa nakaa wapi?

— Nyuma yangu. Ulikuwa unanichoma na kalamu.

— Hilo hata mtu mwingine angeliotea.

— Basi sikiliza jingine. Hapa lilipo benchi palikuwa na mibuni. Mama akitoka kanisani alikuwa anavua viatu hapa, anavibeba, maana njia ya kupanda ilikuwa tope tupu. Mimi napewa kitabu cha nyimbo. Tukifika kisimani ananiosha miguu juu ya lile jiwe, anaanza na wa kushoto. Leo ndani ya gari nimeuona mkono wake vizuri, hadi kucha. Uso haukuja. Nimejaribu tangu Nyakahura, hauji.



— Jiwe halipo, — alisema Redio. — Lilipasuliwa kokoto.

— Na mibuni yote?

— Iling'olewa. Ni mikaratusi tu siku hizi.

— Sasa kumebaki nini?

— Moshi huo, — alisema Leonsia. — Panda, baba. Nusu saa haifiki.

Ansbert akainuka. Hakimu akamshika mkono.

— Asipande bado. Mama akishanyoa nywele kwa ajili yako, huingii kwa mlango. Inatobolewa nafasi ukutani, nyuma.

— Nyumba siku hizi ni ya matofali ya kuchoma, — alisema Redio. — Aingilie kwenye bati.

— Mama wa miaka sabini na nane, marehemu anamdondokea kutoka darini, — alisema Shibuda. — Hapo mtazika kweli.

— Tena kuna serikali, — Hakimu aliendelea. — Huku ni marehemu, Biharamulo amehesabiwa sensa. Nchi ina mtu mmoja wa ziada.

— Mimi nasema tufukue, — alisema Shibuda. — Tukikuta shina limeoza, huyu ni mtu. Tukilikuta zima, basi mgomba ni huyu hapa.

Wakacheka. Ansbert naye alicheka, lakini alikuwa amekaa tena.

— Burundi yupo mmoja alirudi namna hii, — alisema Redio. — Mama yake alimtazama, akafa kabla jua halijazama.

— Nani huyo? — aliuliza Leonsia.

— Mmoja tu.

— Jina lake?

— Nilisikia.

— Wewe umesikia mengi, Nyandwi. Kunywa kahawa.

Ansbert akaweka kikombe chini.

— Mimi pia nilisikia hivyo, — alisema. — Mwaka wa tatu kule nilikutana na mtu wa Ngara mnadani. Akanikimbia. Nilipomkamata akaniambia nimeshazikwa, na kwamba nikirudi nitamuua mama. Mwaka huu nimehesabu umri wake, nikasema bora nije.

— Tungoje Jumapili, — alisema Hakimu. — Tuite wazee wa ukoo, tupange.

Wakati huo akaingia chini ya bati msichana na kapu la parachichi, akijikinga mvua. Ni Josiane, aliyeolewa Mugoma mwezi huo kutoka Nyakisasa. Akasema shikamooni, wakaitikia, na Redio akamweleza yote kwa pumzi moja. Akasikiliza huku akipangusa parachichi.

— Samahani wazee wangu. Biharamulo si gari moja kutoka Ngara mjini?

— Moja tu. Ukiwahi asubuhi, jioni umerudi, — alisema Redio.

— Sasa kabla ya kuzika, nani alikwenda kumtafuta?

Redio alimtazama Hakimu. Hakimu alitazama ndani ya kikombe. Josiane akamgeukia Ansbert, bila ubaya wowote.

— Na wewe baba, ulipoambiwa umezikwa, gari si lilikuwa lile lile?

Leonsia aliinua birika amwongezee mtu, yeyote, akakuta ni masimbi ya kahawa tu.

— Mama ataniuliza hivyo hivyo, — alisema Ansbert.

— Atakuuliza kama umekula, — alisema Leonsia.

Ansbert alitazama kilima mpaka mvua ikapungua. Kisha akatoa kwenye mfuko kitenge kipya, akampa Leonsia ampelekee, aseme kimetoka parokiani. Akapanda bodaboda kurudi Ngara mjini, kwenye gari.

Leonsia alikipeleka. Bibi alikipapasa, akauliza mtumaji ni nani, akaambiwa parokia. Hilo ndilo Leonsia alilokuwa akililia matangani. Mazishini Ansbert hatukumwita. Hatukujua kuna wa kuita.

Bibi Kankindi alifariki tarehe 9 Agosti 2023. Nyandwi alimfuata mwaka mmoja baadaye. Celestini yu hai, ila kijiweni haketi tena. Leonsia, Shibuda na Josiane wapo. Mama yangu Adelfina yu hai, na kaka yake Ansbert yu hai, Lusahunga. Jina lake liko kwenye msalaba, hatua mbili kutoka kwa mama yao.